Kompyuta ya Dukani Kuendeshwa kwa Mbali: Nani Ameshika Ufunguo?

Na Mwandishi Wetu

Kila inapokaribia tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani kuwasilisha ritani za mwezi uliotangulia, wahasibu wanaohudumia biashara ndogo huwa na pilikapilika zinazofanana. Mhasibu aliyeko Mwanza hufungua kompyuta yake, huandika namba ya utambulisho ya kompyuta iliyoko katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kahama, na baada ya sekunde chache huona kwenye skrini yake kile kile anachokiona muuzaji kwenye kaunta. Hukagua mauzo, huyalinganisha na risiti za mashine ya EFD, huandaa taarifa na kuondoka. Hakupanda basi wala hakulala nyumba ya wageni, na mwenye duka hakulazimika kuifunga kompyuta kwenye boksi ili isafirishwe.

Teknolojia hii ya kuendesha kompyuta kwa mbali imeingia katika biashara ndogo bila hotuba wala uzinduzi. Mara nyingi huwekwa na fundi yule yule aliyefunga programu ya mauzo, siku ile ile, ili baadaye asilazimike kusafiri panapotokea hitilafu. "Mzee, usiwe na wasiwasi, nitakuwa nakusaidia nikiwa huko huko," ndiyo maelezo pekee ambayo mwenye duka hupewa. Ni msaada wa kweli na hakuna sababu ya kuubeza. Hata hivyo, siku hiyo kuna swali ambalo wengi hawaliulizi: kazi ikishakwisha, ufunguo unabaki kwa nani, na kwa muda gani?

Makala haya yanalichambua swali hilo, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua iwapo teknolojia hiyo itakuwa mkono wa msaada au mlango wa nyuma ambao mwenye nyumba mwenyewe ameusahau.

Ni vyema kufahamu kwanza namna mfumo unavyofanya kazi. Kompyuta ya dukani ndiyo inayofanya kazi yote. Kinachosafiri kwenye intaneti ni picha ya skrini yake kwenda kwa msaidizi. Kutoka kwa msaidizi kurudi dukani huja herufi anazobonyeza na mwendo wa kipanya chake. Kwa kuwa hupelekwa zaidi ile sehemu ya picha iliyobadilika, kazi ya maandishi na hesabu haihitaji bando kubwa, jambo linaloufanya mfumo uwezekane hata kwa duka linalotegemea modemu au intaneti ya simu. Faili la mauzo halijaondoka mahali pake. Lakini kwa yule aliyeingia, hali haitofautiani na kukalia kiti cha kaunta: anaweza kusoma, kufuta, kurekebisha na, pale programu inapomruhusu, kunakili mafaili na kuondoka nayo.

Microsoft iliuleta uwezo wa namna hii katika toleo maalumu la Windows NT 4.0 mwaka 1998, na hadi leo umo ndani ya Windows za daraja la Pro. Zile za daraja la Home, ambazo huja na kompyuta nyingi za bei nafuu, haziwezi kupokea mgeni kwa njia hiyo. Kuna kikwazo kingine pia. Modemu ya simu mara nyingi haina anwani yake peke yake kwenye intaneti, bali huchangia anwani moja na wateja wengine wengi wa mtandao huo, hivyo aliye nje hana mlango wa kubisha. Hapo ndipo zilipopata nafasi programu kama TeamViewer, iliyoanza Ujerumani mwaka 2005, na AnyDesk ya nchi hiyo hiyo. Kompyuta ya dukani na ya msaidizi zote mbili hujiunganisha na seva ya kampuni yenye programu, na seva hiyo ndiyo inayozikutanisha. Ndiyo maana fundi huomba namba ya tarakimu tisa au kumi tu, na mambo yakaenda.

Suala la leseni hupitwa juu juu. Programu hizo mbili hutolewa bure kwa matumizi binafsi, na duka si matumizi binafsi hata kama ni la familia. Kampuni zenyewe hufuatilia mwenendo wa matumizi, na zikishuku kuwa ni ya kibiashara huyakatisha mawasiliano au kuyazuia kabisa. Mhasibu anayetegemea toleo la bure anaweza kukatiwa usiku wa tarehe 19, na mamlaka ya kodi haitambui sababu hiyo. Zipo njia nyingine halali. Google inatoa Chrome Remote Desktop bila ada, na RustDesk ni programu ya chanzo huria ambayo mtaalamu anayehudumia maduka mengi anaweza kuiendesha kwenye seva yake mwenyewe. Wapo wanaokimbilia nakala zilizovunjwa leseni, zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi. Hiyo si nafuu. Mtu aliyeichezea kufuli ya mlango wako kabla hajakupa ufunguo anaweza kuwa amejibakizia wa kwake.

Sasa tuje kwenye kiini. Kuna namna mbili za kumruhusu mgeni aingie. Ya kwanza, aliyeko dukani huona ombi kwenye skrini na kulikubali kila mara. Asipokuwepo mtu, hakuna anayeingia. Ya pili, kompyuta hupewa neno la siri la kudumu, na yeyote anayelijua huingia saa yoyote, iwe mchana wateja wakiwa wamejaa au usiku wa manane duka likiwa limefungwa. Namna ya pili ndiyo mafundi wengi huipendelea, na sababu zao zinaeleweka: muuzaji yuko bize na wateja, mwenye duka yuko safarini, na kazi ya kurekebisha hesabu hufanyika vizuri zaidi usiku. Tatizo ni kwamba neno hilo la siri, likishawekwa, huwa halibadilishwi tena. Fundi akihama, analo. Mhasibu aliyeachishwa kazi, analo. Kijana aliyekuwa akimsaidia fundi na kuandikiwa neno hilo kwenye ujumbe wa simu, naye analo, na ujumbe wenyewe bado umo ndani ya simu aliyoiuza.

Wafanyabiashara wakiambiwa habari za udukuzi humfikiria mtu wa mbali asiyejulikana, mwenye ujuzi usio wa kawaida. Kwa duka dogo, hofu hiyo imeelekezwa upande usiostahili. Anayejua kwamba mauzo ya Jumamosi huingizwa Jumatatu, anayejua bei ya kununulia na faili la wadeni liko wapi, ni mtu aliyewahi kukaribishwa. Hahitaji kuvunja chochote.

Sheria za nchi zililiona jambo hili mapema kuliko wengi wetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta isivyo halali. Lakini kifungu kinachowagusa zaidi wenye maduka ni cha 5, ambacho hutajwa kwa nadra. Kifungu hicho kinakataza mtu kubaki ndani ya mfumo wa kompyuta, au kuendelea kuutumia, baada ya kwisha kwa muda alioruhusiwa. Kwa maneno mengine, sheria inamtambua mgeni aliyeingia kwa heshima zote, akapewa kiti na maji, kisha akakataa kuondoka.

Ugumu unaanzia hapo hapo. Ili kuonesha kwamba muda umekwisha, ni lazima muda huo uwe uliwahi kuwekwa. Mwenye duka aliyetoa neno la siri la kudumu kwa mdomo, bila tarehe wala maandishi, atakuwa na kazi ngumu ya kueleza ni lini ruhusa hiyo ilikoma. Fundi anaweza kudai, na pengine kwa nia njema kabisa, kwamba alidhani bado anahudumia biashara hiyo. Karatasi moja yenye mistari mitano, inayosema fulani ameruhusiwa kuingia kwenye kompyuta hii kwa kazi hii hadi tarehe hii, inabadilisha sura ya mgogoro mzima. Si lazima iandikwe na wakili.

Ushahidi nao una masharti yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na katika kuzipima huangaliwa uaminifu wa namna zilivyotengenezwa na kutunzwa, pamoja na namna mhusika wake alivyotambuliwa. Sasa tulifikirie duka ambalo muuzaji wa asubuhi, muuzaji wa jioni, mhasibu na fundi wote wanatumia akaunti moja iitwayo "Admin", yenye neno moja la siri. Kumbukumbu itaonesha kwamba Admin alifuta mauzo saa tano usiku. Admin ni nani? Katika mazingira hayo hata asiye na hatia hana namna ya kujitetea, na hilo linapaswa kuwasumbua wafanyakazi kama linavyomsumbua mwajiri. Uzuri ni kwamba programu zenyewe huandika. TeamViewer na AnyDesk, kwenye kompyuta inayopokea wageni, hutunza faili dogo la maandishi linaloorodhesha waliounganishwa na nyakati zao. Ni kumbukumbu ambayo wenye maduka wengi hawajawahi kuifungua, ilhali kuisoma mara moja kwa mwezi hakuchukui muda mrefu kuliko kuhesabu fedha za droo.

Si kwamba hatari za nje hazipo. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu wa kundi lililojulikana kama REvil walipenya kupitia programu ya kampuni ya Kaseya ya Marekani, inayotumiwa na mafundi kusimamia kompyuta za wateja wao kwa mbali, wakayafunga mafaili ya watu na kudai kikomboleo. Kampuni ilikadiria kuwa biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika, nyingi zikiwa ndogo zisizokuwa na idara ya teknolojia, zilizokuwa zimemkabidhi mtu wa nje kazi hiyo. Nchini Sweden, msururu wa maduka ya Coop ulilazimika kufunga mamia ya maduka yake kwa sababu mashine za kupokelea malipo zilizimika. Coop haikuwa mteja wa Kaseya. Mtoa huduma wa mashine zake ndiye aliyehusishwa na programu hiyo. Kahama na Stockholm ziko mbali, lakini mnyororo ni ule ule: duka limemwamini fundi, fundi ameiamini programu, na mwenye duka hajui hata jina la programu yenyewe.

Kampuni zilizotajwa hapo juu nazo hazikusalimika. Februari 2024, AnyDesk ilitangaza kwamba mifumo yake ilikuwa imeingiliwa, ikafuta maneno ya siri ya wateja kwenye tovuti yake na kuwashauri wanaotumia neno hilo hilo kwingineko walibadilishe. Juni mwaka huo huo, TeamViewer nayo ilitangaza kuingiliwa kwa mtandao wake wa ndani, ikieleza kuwa taarifa za wateja hazikuguswa. Matukio hayo hayatoshi kuwa sababu ya kuzikimbia programu hizo. Yanatosha kuwa sababu ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, ambao humtaka anayeingia aoneshe neno la siri pamoja na namba inayobadilika kwenye simu yake, na yanatosha kuwa sababu ya kutotumia neno la siri la dukani kwenye barua pepe au akaunti ya benki.

Duka lenye anwani ya intaneti ya kudumu lina tahadhari yake ya pekee. Baadhi ya mafundi huifungua njia ya Windows yenyewe, ile ya mlango namba 3389, moja kwa moja kwenye intaneti. Mlango huo hujaribiwa usiku na mchana na programu zinazobahatisha maneno ya siri bila kuchoka. Mei 2019 Microsoft iligundulika kuwa na udhaifu mkubwa katika njia hiyo kiasi kwamba ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikwisha kuacha kuihudumia tangu 2014. Leo Windows 10 nayo imefikia mwisho wa huduma ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, na bado kompyuta nyingi za kaunta zinaitumia. Kompyuta isiyopokea marekebisho na iliyoachwa wazi kwa dunia nzima ni mkusanyiko wa makosa mawili ambayo kila moja peke yake lingetosha.

Upande mwingine wa teknolojia hii hauhusu kompyuta bali simu ya mkononi ya mwenye biashara. Watanzania wameizoea mbinu ya "tuma kwa namba hii". Mbinu inayotumia programu za mbali ni ya hila zaidi. Mpigaji hujitambulisha kuwa afisa wa benki au wa taasisi ya umma, humweleza mfanyabiashara kuwa akaunti yake ina tatizo, kisha humwelekeza kupakua programu halali kutoka kwenye duka la programu na kumsomea namba itakayoonekana. Akishasoma, mhalifu anaiona skrini ya simu hiyo, ikiwemo meseji yenye namba ya siri ya muamala inapoingia. Februari 2019 Benki Kuu ya India ilizitahadharisha benki za nchi hiyo juu ya mbinu hii hii, ikiitaja AnyDesk kwa jina. Programu yenyewe haikuwa na kasoro. Ilifanya kile ilichotengenezwa kufanya, kwa mtu asiyestahili. Hakuna huduma ya umma wala ya kibenki inayohitaji afisa aitazame skrini ya simu ya mteja, na simu ya aina hiyo inapaswa kukatwa katikati ya sentensi. Namba iliyotumika iripotiwe kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, huduma iliyowekwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Wajibu wa mwenye duka hauishii kwenye mali yake. Duka la dawa hutunza majina ya wateja na dawa walizochukua; duka la mikopo ya vifaa hutunza namba za vitambulisho na za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde dhidi ya kufikiwa na wasiohusika. Mhasibu au fundi anayezichakata kwa niaba yake ana wajibu wake pia, lakini mteja wa dawa hamjui fundi huyo. Anamjua aliyemwuzia. Katika kodi hali ni hiyo hiyo: kumbukumbu zikipotea, anayeulizwa kwanza ni mlipakodi.

Mpangilio unaofaa hauhitaji fedha nyingi. Mhasibu awe na akaunti yake ya Windows na fundi awe na yake, zote zisizo na mamlaka zaidi ya kazi inayotakiwa. Njia ya kukubali ombi kila mara iwe ndiyo kawaida, na neno la siri la kudumu liwekwe pale tu kazi ya usiku inapolazimu, kisha liondolewe kazi ikimalizika. Anapoondoka mtu, neno la siri libadilishwe siku hiyo hiyo kabla ya kuagana, kwa moyo ule ule ambao mtu hubadilisha kufuli bila kumtuhumu aliyehama. Nakala rudufu ya hesabu iwekwe kwenye diski isiyobaki imechomekwa, kwa kuwa anayeendesha kompyuta kwa mbali anaweza kuifikia na diski iliyochomekwa. Mwenye duka ajue kuifunga programu hiyo mwenyewe. Fundi anayeona tabu kumfundisha mteja wake hilo anastahili kuulizwa sababu.

Na siku mwenye duka atakapokuta kipanya kinatembea chenyewe kwenye skrini, au mauzo yamepungua bila maelezo, hatua ya kwanza ni kuchomoa modemu, si kuzima kila kitu kwa hasira. Hatua ya pili ni kujizuia. Mafundi wetu wana desturi ya kutatua kila jambo kwa kupiga Windows upya, na kompyuta ikirudi mpya, yale mafaili madogo yaliyoandika nani aliingia na saa ngapi yamekwenda nayo. Kompyuta iachwe ilivyo, skrini ipigwe picha, nyakati ziandikwe kwenye daftari, na taarifa ipelekwe polisi pamoja na ile karatasi ya mistari mitano yenye tarehe ya mwisho wa ruhusa.